Soda ya Mgeni



Somo la leo linahusu kitu ambacho ni vigumu kukikosa kwenye mikutano yetu, yaani soda, na hasa ile nyeusi inayoitwa kola. Mmoja wenu asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mkifika mahali tulipoandika "Simameni hapa", wekeni gazeti chini kwanza mzungumze.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Wakati mmoja tulitembelea kikundi cha kina mama waliokuwa wakichanga pesa za kujenga tangi la maji. Tulikuta viti vimepangwa chini ya mwembe, meza imetandikwa kitambaa cheupe, na kando yake kreti nne za soda. Tulikunywa. Wengine wetu tulikunywa chupa mbili, maana jua lilikuwa kali. Baada ya maombi mweka hazina akasoma hesabu, na hapo ndipo tukasikia kwamba soda ile ilitoka kwenye pesa za tangi. Kwa bei ya duka la pale, kreti moja ilizidi kidogo mfuko mmoja wa saruji. Kumbe tulikuwa tumekunywa saruji ya watu!

Hatukuwauliza kwa nini walinunua, maana tulijua. Ukimpa mgeni maji ya mtungi, watu watasema nini? Soda ni heshima. Lakini tulipokuwa njiani kurudi tuliulizana: heshima hii ilitoka wapi? Babu zetu walimkaribisha mgeni kwa uji, kwa maziwa, kwa ndizi mbivu, na hakuna aliyesema wamemdharau. Coca-Cola iko hapa Kenya tangu 1948 tu. Kwa hiyo kuna mtu alitufundisha, na ni vizuri tujue alitufundishaje.

Ilianza kama dawa

Mwaka 1886, katika mji wa Atlanta huko Marekani, mwuza dawa mmoja aitwaye John Pemberton alichanganya sharubati yake ya kutuliza kichwa na kuondoa uchovu. Alikuwa amejeruhiwa vitani, na akawa mtumwa wa dawa ya kutuliza maumivu, mofini. Sharubati yake ilikuwa na majani ya mkoka kutoka Amerika ya Kusini na mbegu za kola kutoka Afrika. Mkoka ndio mti unaotoa kokeni, na kokeni ile iliondolewa kwenye kinywaji mwanzoni mwa karne ya 20. Karani wake wa hesabu, Frank Robinson, ndiye aliyechagua jina na kuliandika kwa ule mwandiko wa mikunjo tunaoujua hadi leo. Gilasi moja iliuzwa senti 5. Pemberton alikufa 1888 bila kuona utajiri wowote.

Tukae kidogo hapo kwenye mbegu za kola. Mkola ni mti wa misitu ya Afrika Magharibi. Huko watu wametafuna mbegu zake tangu zamani kuondoa usingizi, maana ndani yake mna kafeini, ile iliyomo kwenye kahawa. Kwa Waigbo wa Nigeria, mgeni akiingia nyumbani huletewa kola, mzee huiombea, huipasua, na wote hula. Yaani kabla ya chupa kuwako, kola ilikuwa tayari heshima ya mgeni, tena ya Mwafrika! Ilikwenda ng'ambo ikarudi imetiwa sukari na kufungwa kizibo, nasi tukaipokea kama kitu kigeni.

Kampuni haikungoja watu waje. Mapema kabisa iligawa vikaratasi vya kumpa mtu gilasi ya bure ili aonje. Mwaka 1915 ilitengenezewa chupa yenye kiuno, kwa sharti kwamba mtu aitambue hata akiishika gizani. Katika Vita Kuu ya Pili mkubwa wa kampuni, Robert Woodruff, aliagiza kwamba kila askari wa Marekani apate chupa kwa senti 5 popote alipo, na mitambo ya kujaza chupa ikafuata majeshi. Vita vilipokwisha mitambo ilibaki, na watu wa nchi nyingi walikuwa wameshaonja. Pepsi, iliyoanzishwa na mwuza dawa mwingine, Caleb Bradham wa North Carolina, ilishindana kwa njia ya mwananchi wa kawaida: wakati wa shida kubwa ya uchumi ya miaka ya 1930 ilitoa chupa kubwa karibu mara mbili kwa bei ile ile ya senti 5.

Sasa sikilizeni kisa cha 1985, ambacho sisi tunaona ndicho chenye somo. Coca-Cola iliona Pepsi inaikaribia. Ikatengeneza ladha mpya, tamu zaidi, ikawaonjesha watu karibu 200,000, na wengi wakasema mpya ni bora. Basi mwezi wa Aprili ikaondoa ya zamani. Ala! Watu walikasirika kana kwamba wamenyang'anywa shamba. Walipiga simu, wakaandika barua, wengine wakaweka akiba ya ile ya zamani nyumbani. Baada ya siku 79 kampuni ikasalimu amri na kuirudisha. Ulimi ulikuwa umechagua mpya, lakini watu hawakuwa wakinywa kwa ulimi peke yake. Walikuwa wakinywa utoto wao, sikukuu zao, na siku walizotoka na wachumba wao. Hivyo ndivyo vilivyokuwa ndani ya chupa kwa miaka mia moja, na vilitiwa humo na matangazo.

Hapa kwetu je? Angalieni njia ya sokoni. Duka limepakwa rangi nyekundu, na jina la mwenye duka limeandikwa chini ya jina la soda. Vibao vya shule navyo vimewahi kubeba nembo hiyo. Vijana wanacheza drafti kwa vizibo. Kwenye mahari kreti huhesabiwa mbele ya wazee. Mtu akitaka kuombaomba husema, "Nitolee ya soda." Wengi wetu tuna picha ya zamani nyumbani, mtu amesimama wima studio, ameshika chupa ambayo pengine hata hakuinywa.

Kilichomo ndani

Kola ya kawaida ina sukari takriban gramu 10 hadi 11 katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 basi ina zaidi ya gramu 30, sawa na vijiko vya chai saba au nane. Kreti ya chupa 24 ina zaidi ya gramu 700 za sukari, karibu robo tatu ya kilo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni bora mtu mzima asizidi gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku. Chupa moja imeshapita hapo. Kuna pia asidi, ambayo pamoja na sukari hula meno, hasa ya watoto.

Tumesikia kina mama wakisema soda nyeusi inaongeza damu. Haiongezi. Rangi ile ni ya sukari iliyounguzwa, haina madini ya chuma. Mwenye upungufu wa damu aende kliniki, na nyumbani ale mboga za kijani, maharagwe, na nyama au dagaa akipata. Jambo la pili ni zito zaidi: msimpe soda mtoto anayeharisha. Sukari nyingi huweza kuzidisha kuhara. Mpeni maji yenye chumvi za ORS na mumpeleke kwa mhudumu wa afya.

Lakini tuseme haki. Mahali ambapo maji ya kisima yana mashaka, chupa iliyofungwa ni salama kuliko gilasi ya maji yasiyochemshwa. Mwenye duka naye anasomesha watoto kwa faida yake. Hatusemi soda ni dhambi, na mhubiri anayesema hivyo mara nyingi utamkuta na chupa mkononi baada ya ibada.

Simameni hapa. Mweka hazina afungue kitabu na kutafuta pesa za soda za mwaka mzima. Zigawanyeni kwa bei ya kitu mnachokichangia, iwe ni mabati, kuku au karo. Kisha kila mmoja aseme: mgeni wa mwisho tuliyemnunulia soda, tulitaka ajue nini kuhusu sisi? Someni pia Mathayo 10:42, mwone ni kinywaji gani kinachotajwa pale.

Tulirudi kwa wale kina mama mwaka uliofuata. Tangi lilikuwa limebakiza kifuniko. Walitupa chai ya maziwa na viazi vitamu, na kwa wasiotaka chai kulikuwa na maji yaliyochemshwa, yamekamuliwa ndimu. Mzee mmoja alichungulia chini ya meza akitafuta kreti. Mwenyekiti akamwambia, "Baba, leo ni chai." Mzee akanywa vikombe viwili, akaomba na kiazi cha kubeba.

Ila Desemba binti wa mweka hazina atatolewa mahari, na wazee wameshakataa habari ya chai. Wamesema kreti ni sita, hawapunguzi hata moja. Sisi nasi tumealikwa, na tumejibu kwamba tutakuja.