Divai Tamu Si Juisi

Katika karamu zetu za ndoa, Kipaimara na Komunyo ya Kwanza, mara nyingi tunaona chupa ya divai nyeupe tamu ikifunguliwa pamoja na soda. Kwa kuwa ni tamu na yanukia vizuri, mama mjamzito humiminiwa, na hata watoto huonjeshwa. "Hiyo si pombe, ni juisi ya zabibu," husema wenye karamu. Mwezi huu tujifunze divai hiyo ni kitu gani, inapatana na vyakula gani, na nani asiiguse.

Hutengenezwaje?

Tuchukue mfano wa Moscato d'Asti, divai ya mkoa wa Piemonte, kaskazini magharibi ya Italia. Tangu mwaka 1993 imo katika daraja la juu kabisa kwa sheria za divai za nchi hiyo. Zabibu hukamuliwa, na hamira huigeuza sukari yake kuwa kileo na hewa. Kabla sukari haijaisha, divai hupozwa sana na kuchujwa ili hamira itoke. Ndiyo maana hubaki tamu, yenye mapovu kidogo, na kileo cha asilimia 5 hivi, wakati divai nyingi zina asilimia 12 au 13. Harufu yake ya maua na asali hutokana na zabibu yenyewe.

Vyakula vinavyopatana nayo

1. Matunda na keki. Chakula kisiwe kitamu kuliko divai, la sivyo divai huonekana chachu mdomoni. Embe, papai na keki yenye sukari kidogo hufaa. Waitaliano wakati wa Noeli huinywa na panettone, mkate mtamu wenye zabibu kavu.

2. Vyakula vya pilipili. Utamu hutuliza ukali wa pilipili, bali kileo kingi huuongeza. Hivyo divai hii hupatana na mchuzi wa viungo kuliko divai kali.

3. Vyakula vya chumvi, kama jibini au korosho za kukaanga.

Inywewe baridi, katika bilauri ndogo, pamoja na chakula. Si kwa tumbo tupu.

Tuangalie sukari

Bilauri ya mililita 125 ina sukari gramu 15 hivi, yaani karibu vijiko 4 vya chai. Chupa nzima ina vijiko zaidi ya 20! Mtu mzima anashauriwa asipite gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana zisizidi 25.

Nani asinywe?

- Mama mjamzito. Kileo humfikia mtoto tumboni na chaweza kudhuru ubongo wake.
- Watoto. Hata kijiko cha "kuonja" huwazoesha ladha ya pombe.
- Mgonjwa wa kisukari, mpaka amwone daktari. Sukari hupanda kwanza. Kisha, kwa atumiaye insulini au baadhi ya vidonge, yaweza kushuka mno saa kadhaa baadaye, hata akiwa usingizini.
- Mwenye ugonjwa wa ini, au atumiaye dawa za usingizi au kifafa.
- Dereva aliye safarini.
- Aliyeacha pombe. Tusimshawishi kwa kumwambia "hii ni tamu tu".

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kabisa kwa afya. Basi, asiyekunywa asianze kwa sababu ya utamu; anayekunywa ajiwekee kipimo. Nasi tunaoandaa karamu tuweke mezani maji na juisi halisi, ili kila mgeni apate kinywaji bila kuona haya.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Katika karamu yetu ya mwisho, nani alimiminiwa divai bila kuulizwa?
2. Watoto wetu wanajua tofauti ya divai na juisi?