KUINUA MIZIGO MIZITO KATIKA KAZI YA UJENZI

Watu wengi hudhani ya kuwa mgongo wa fundi huumia kwa kukosa nguvu. Sivyo, hata shujaa huumia asipojua namna ya kuinua.

Uti wa mgongo umefanyizwa kwa pingili, na kati ya pingili na pingili pana mto laini. Mtu ainamapo kunyanyua mfuko wa saruji wa kilo 50, mgongo wake huwa mfano wa mtaimbo. Misuli ya mgongo i karibu na uti, yapata sentimeta 5 tu. Basi mfuko ukiwa sentimeta 40 mbele, misuli hulazimika kuvuta mara 8 ya uzito huo, yaani kilo 400. Hapo mto waweza kutokeza na kubana mshipa wa fahamu, na maumivu yakashuka hata mguuni.

Kwa hiyo sogelea mzigo, tanua miguu, kunja magoti, ukumbatie kifuani, kisha inuka kwa nguvu za mapaja. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usipinde kiuno. Mashine ya zege iinuliwe kwa roda au kwa watu wengi pamoja.

Aumiaye na atoe habari siku ile ile, maana sheria ya Kenya ya 2007 na ya Tanzania ya 2008 zimeweka fidia kwa aliyeumia kazini.

Nanyi wasimamizi, mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa lilishauri mzigo wa mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Msipime kwa macho tu. Wahenga walinena, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.