Maji ya nyumbani: Tufunge mtambo, tununue chujio, au tuchemshe?



Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), Aliyetuneemesha kwa maji, nasi kwa maji hayo tunakunywa, tunapika na kujitwaharisha.

Leo tunajibu swali ambalo kina mama na wenye nyumba wa Mchafukoge na Kariakoo hutuuliza mara kwa mara: je, ni vyema kufunga mtambo wa kulainisha maji au chujio nyumbani? Maduka yamejaa vifaa vya kila aina na kila muuzaji anasifia chake. Fedha zinazotakiwa si kidogo, na familia ikikosea hupata hasara mara mbili: fedha zimekwenda na mtoto bado anaharisha.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: usinunue chochote kabla hujajua maji yako yana tatizo gani. Mgonjwa wa malaria hapewi dawa ya minyoo, hata kama dawa hiyo ni nzuri. Maji nayo ni hivyo hivyo.

TWAHARA NA USALAMA NI MAMBO MAWILI

Wengi wetu tulijifunza madrasa milango ya maji. Tukafundishwa kwamba maji yaliyobaki katika asili yake ni twahara na yanatwaharisha, na kwamba chumvi ya asili haiyaondolei sifa hiyo. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya kutawadha kwa maji ya bahari alithibitisha kuwa yanafaa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata hapa pwani, maji yaliyofika kulla mbili, yaani yapata lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu.

Basi chukua tanki la lita 1,000 lililoko juu ya ghorofa. Panya amepita, mfuniko umepasuka, kinyesi kidogo kimeingia. Rangi haikubadilika, wala ladha, wala harufu. Kwa hukumu hiyo maji yanafaa kwa udhu. Lakini kijidudu cha kipindupindu hakina rangi, hakina ladha, hakina harufu. Anayeyanywa maji hayo bila kuyatibu anaweza kulazwa.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Mtu husema, "Maji haya tunatawadhia msikitini, kwa nini tusinywe?" Fiqhi imekuonyesha maji ya kuswalia. Kuhusu maji ya kunywa, dini hiyo hiyo imekuwajibisha kulinda nafsi, na kulinda nafsi ni miongoni mwa makusudio makubwa ya sheria.

MAJI YETU YANATOKA WAPI

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya DAWASA hutoka Mto Ruvu. Husafishwa katika mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na hutiwa klorini kuua vijidudu. Tatizo huja njiani na nyumbani. Maji yanapokatika bomba hubaki tupu, na penye ufa uchafu wa nje hupenya. Yakifika, huingia tanki la chini, hupandishwa kwa pampu hadi tanki la juu, na huko hukaa siku kadhaa mpaka nguvu ya klorini imekwisha.

Maji yakiadimika, kama ilivyokuwa katika mgao wa Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua, watu hukimbilia visima na madumu ya mkokoteni. Visima vingi vya jiji vimezungukwa na makaro na vyoo vya shimo, na vilivyo karibu na bahari huingiwa na chumvi. Tusisahau kipindupindu cha Agosti 2015, kilichoanzia hapa hapa Dar es Salaam kisha kikaenea mikoa mingi ya nchi.

MATATIZO MANNE, DAWA MBALIMBALI

1. Maji magumu. Haya yana madini mengi ya kalsiamu na magnesiamu. Dalili zake ni ukoko mweupe ndani ya birika na sabuni kukataa kutoa povu. Jipime mwenyewe: tia maji nusu chupa, weka vipande vidogo vya sabuni ya mche, tikisa kwa nguvu. Povu likiwa kidogo na maji yakawa na utando mweupe, maji ni magumu. Usitumie sabuni ya unga kwa kipimo hiki, kwani hutoa povu hata katika maji magumu. Maji magumu hayana madhara kwa afya. Yanaharibu hita, mashine ya kufulia na kumaliza sabuni. Dawa yake ndiyo mtambo wa kulainisha.

2. Maji ya chumvi. Hapa watu wengi hutapeliwa. Kwa kuwa maji ya kisima huwa magumu na ya chumvi kwa pamoja, mnunuzi hudhani mtambo wa kulainisha utaondoa chumvi. Hautaondoa. Mtambo huo wenyewe huoshwa kwa chumvi, kwani unachofanya ni kuchukua kalsiamu na magnesiamu na kuweka sodiamu mahali pake. Maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita hutoka na nyongeza ya takriban miligramu 140 za sodiamu kwa kila lita. Kwa mtu mzima mwenye afya si nyingi, maana Shirika la Afya Duniani linashauri sodiamu isifike miligramu 2,000 kwa siku kutoka kila anachokula na kunywa. Lakini mgonjwa wa shinikizo la damu au figo aliyekatazwa chumvi anaihesabu hata hiyo. Ukifunga mtambo huu, acha bomba moja la jikoni lisipitie humo. Chumvi huondolewa na mashine inayosukuma maji kwa nguvu kupita katika utando mwembamba sana.

3. Vijidudu. Hivi ndivyo vinavyoua, na mtambo wa kulainisha hauviondoi. Kuchemsha hadi maji yatokote kabisa huua vijidudu vyote vya maradhi ya kuharisha. Dawa ya klorini inayouzwa madukani pia inafaa. Fuata maelekezo ya kifurushi na subiri dakika zilizoandikwa. Chujio la mishumaa ya udongo huzuia bakteria, ila virusi vingi hupita kwa kuwa ni vidogo mno. Mishumaa hiyo husuguliwa kwa brashi safi, na ukiwa na ufa hata mwembamba hutupwa.

4. Naitreti, inayotokana na vyoo na makaro. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe huzidi. Ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, kwani huzuia damu kubeba hewa. Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama tu, bila hata maji.

Chujio la mkaa nalo huondoa harufu na klorini. Likishaondoa klorini maji hayana mlinzi tena, hivyo yasikae muda mrefu.

TUSIFANYE ISRAFU

Mashine za utando za majumbani humwaga lita 3 au zaidi kwa kila lita moja ya maji ya kunywa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa maji machache mno, takriban ujazo wa viganja viwili vilivyojaa. Ukinunua mashine hiyo, kinga maji yanayomwagwa na uyatumie kupigia deki na kumwagia chooni.

Tufikirie pia majirani. Ghorofa moja la familia kumi hunywa kutoka tanki moja. Mmoja akifunga chujio la gharama, tisa wanabaki na tanki chafu. Pengine fedha hiyo ikichangwa ingenunua mfuniko mpya na kulipia kuosha matanki yote mawili. Hiyo ni hisani kwa jirani, na In-shaa-Allah ina malipo.

LA KUFANYA

Kwanza, osheni matanki angalau mara mbili kwa mwaka na muyafunike. Pili, kwa maji ya bomba, chemsha au tia klorini maji ya kunywa, ya sharbati na ya barafu. Kwa familia nyingi hilo linatosha. Tatu, kwa maji ya kisima, peleka sampuli maabara ya maji ya Wizara au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kabla ya kununua kifaa. Omba wapime ugumu, chumvi, naitreti na bakteria wa kinyesi, kisha nenda dukani na karatasi ya majibu mkononi. Nne, muulize muuzaji vipuri vinapatikana wapi na hubadilishwa baada ya muda gani. Chujio lisilobadilishwa hugeuka kiota cha vijidudu. Tano, hifadhi maji katika chombo chenye mfuniko na bomba, asitie mtu kata wala mkono. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kufunika vyombo na kufunga viriba, na sunna hiyo haigharimu kitu.

Ama kuhusu udhu na janaba, usiwe na wasiwasi. Maji yaliyolainishwa, yaliyochujwa au yenye harufu kidogo ya klorini hayajaondokewa na jina la maji, na yanatwaharisha.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuhifadhi sisi na watoto wetu na maradhi. Wabillahi tawfiq.