Kingamwili ya Fosfo-ERK: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kingamwili hii haitafuti protini ya ERK tu. Inatafuta ERK ambayo kimeng'enya MEK kimekwisha kuibandika fosfeti mbili, kwenye threonini ya 202 na tirosini ya 204 kwa hesabu ya ERK1 ya binadamu. Fosfeti hizo ndizo ishara yenyewe, nazo hubanduka upesi. Ukizembea kabla ya kufungua kichupa, hakuna kingamwili itakayokuokoa.

FANYA

Weka sahani ya seli juu ya barafu mara tu muda wa kichocheo unapokwisha. Suuza kwa bafa baridi, kisha pasua seli kwa bafa yenye vizuizi vya fosfatasi, kama sodiamu floridi na sodiamu othovanadeti. Vizuizi vya protiasi pekee havitoshi: huzuia protini isikatwekatwe, lakini fosfeti haviilindi.

Weka vidhibiti kwenye jeli ileile, kila mara. Seli zilizonyimwa seramu. Seli hizohizo zilizopewa kichocheo cha EGF kwa dakika tano hadi kumi. Nyingine zilizotangulizwa U0126, kizuizi cha MEK, ndipo zikapewa EGF. Mistari ya kilodaltoni 44 na 42 sharti iwake katika kundi la pili na ififie katika la tatu. Kisha tibu sampuli moja kwa fosfatasi ya lamda. Mstari ukibaki vilevile, unachokiona si fosfeti. Ukikwepa jaribio hili kwa kuogopa jibu lake, usichapishe picha hiyo.

Pima pia ERK yote. Fosfo-ERK ikipungua kwa sababu ERK yenyewe imepungua, huna habari ya ishara.

Andika jina la kloni, namba ya katalogi na namba ya bechi. Mwaka 2015 Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, pamoja na wenzao zaidi ya mia moja, walidai katika jarida la Nature kwamba kingamwili zitambulishwe kwa mfuatano wa jeni zake. Walikuwa sahihi. Kingamwili kutoka seramu ya sungura mwingine ni kitu kingine, hata lebo ikifanana. Bechi mpya ipime ubavuni mwa ile ya zamani.

USIFANYE

Usizuie utando wa western blot kwa maziwa ya unga kwa mazoea tu. Kaseini ina fosfeti, na inaweza kuongeza weusi usiotakiwa. Jaribu albumini ya damu ya ng'ombe, asilimia 5.

Usitie sodiamu azaidi kwenye kingamwili yenye peroksidasi. Huzima kimeng'enya hicho. Wala usiimwage kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi, kwani huunda chumvi zinazolipuka.

Usikate picha hadi ibaki mistari miwili mizuri. Msomaji ana haki ya kuona na ile usiyoipenda.

Usihamishe imani kutoka kwenye utando hadi kwenye kipande cha tishu. Protini iliyokunjuliwa kwa joto na sabuni ya SDS si sawa na iliyofungwa na formalini, kwa hiyo thibitisha upya. Na kwa tishu ya upasuaji, uliza dakika zilizopita kati ya kukatwa na kutiwa formalini. Kama hazikuandikwa, usitoe tarakimu yoyote ya fosfo-ERK kutoka kwenye slaidi hiyo.