Korongo Taji Bondeni: Kutazama na Kupiga Picha Ndege wa Lumakanda

Mwulize mtu yeyote wa Lumakanda mahali pa kupiga picha za ndege naye atakuelekeza Msitu wa Kakamega. Hajakosea. Msitu ule una zaidi ya aina 300 za ndege, na baadhi yao huwapati kwingineko nchini. Lakini kwa anayeanza, safari ile ina nauli na kiingilio, na ndani ya msitu ni giza, ndege wako juu ya miti, na simu ya kawaida haifui dafu. Mimi humshauri anayeanza aanze na bonde lililo chini ya shamba lake mwenyewe.

Lugari, eneo lenye Lumakanda, ni nchi ya mahindi na ng'ombe. Ni ardhi ya walowezi iliyogawiwa wananchi baada ya uhuru, na kati ya mteremko mmoja na mwingine kuna vibonde vya majimaji vinavyoteremsha maji hadi mto Kipkaren, unaoingia Nzoia. Katika vibonde hivyo, na katika mashamba yaliyovunwa, anatembea ndege ambaye wageni hulipa pesa nyingi kuja kumwona: korongo taji. Waganda wamemweka kwenye bendera yao. Tangu 2012 yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa sababu mabwawa yanakaushwa, vifaranga wanachukuliwa kufugwa, na wengine hufa kwa sumu au kwa kugonga nyaya za umeme.

Huwezi kumchanganya na mwingine. Ana kimo cha karibu mita moja, mwili wa kijivu, shavu jeupe, kidevu chekundu kinachoning'inia, na kishungi cha manyoya magumu ya rangi ya dhahabu. Akiruka, weupe mkubwa wa mabawa unaonekana kutoka mbali. Dume na jike hawatofautiki kwa macho, kwa hiyo usihangaike kuwabagua. Watazame miguu. Wanapotembea kwenye majani hupiga kishindo, hatua kwa hatua, ili panzi waruke nao wawadonoe. Jioni watazame wakitua juu ya mkaratusi: korongo wa jamii nyingine hulala chini au majini, lakini huyu ana kidole kirefu cha nyuma kinachomwezesha kushika tawi. Ukiona mmoja ameinama, akafungua mabawa na kurukaruka, subiri, maana mwenzake atamjibu.

Saa nzuri ni kuanzia saa kumi na mbili unusu asubuhi hadi saa tatu. Baada ya hapo jua letu la ikweta huwa juu mno, vivuli vinakuwa vikali na ndege wengi wananyamaza. Jioni, kuanzia saa kumi, mwanga hurudi kuwa mzuri, ila msimu wa mvua mawingu hukuwahi. Kaa jua likiwa mgongoni mwako. Vaa nguo zisizong'aa. Koti la kijani lililochakaa linatosha. Kaa chini badala ya kusimama, na usiwaendee. Chagua mahali ambapo ndege huja wenyewe, kama ukingo wa maji, mti mkavu au boma la ng'ombe, kisha utulie. Nusu saa ya kwanza mara nyingi haina kitu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuondoka.

Kuhusu vifaa, ningenunua darubini kabla ya kamera. Iliyoandikwa 8x42 inatosha kabisa; namba ya kwanza ni ukuzaji na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukiwa na darubini, hata simu inapiga picha: weka lenzi ya simu kwenye jicho moja la darubini, ikaze isitikisike, na utapata picha ya kutosha kumtambua ndege. Mwenye kamera atafute lenzi ya milimita 300 au 400, hata kama ni ya mtumba. Ndege aliyetua, piga kwa kasi ya 1/500 ya sekunde. Anayeruka, 1/1000 au zaidi. Lenga jicho, kwani jicho likiwa na ukungu picha imekwisha. Shavu la korongo ni jeupe sana, hivyo punguza mwanga kidogo lisiungue. Ndege mweusi mbele ya wingu jeupe anataka kinyume chake, ongeza mwanga. Huhitaji tripodi: jaza maharage katika soksi nzito, iweke juu ya nguzo ya ua, kisha ulaze lenzi juu yake. Wakati wa kupukuchua mahindi, makapi na vumbi huingia kila mahali, basi usibadilishe lenzi karibu na mashine.

Ukishamzoea korongo, fungua macho kwa wengine. Yangeyange wanaofuata ng'ombe. Kwarara wanaopiga kelele alfajiri juu ya mapaa. Fundichuma na kiota chake kikubwa cha vijiti kwenye panda ya mti kando ya mto. Chozi kwenye maua ya mgomba, kuzumburu kwenye mapapai, kwera wanaosuka viota juu ya maji. Mvua ikianza, kweche madume huvaa rangi zao kali na kurukaruka juu ya nyasi ndefu. Mvua ikiisha wanarudi kuwa wa kahawia na kufanana na majike, na wengi hudhani ni ndege tofauti. Kuanzia Oktoba hadi Aprili, miongoni mwa mbayuwayu waliojipanga kwenye nyaya wamo waliokimbia baridi ya Ulaya. Kando ya Kipkaren utaona pia tumbili, kenge na nguchiro. Tumbili usimrushie chakula ili akukaribie. Akizoea mkono wa mtu, kesho ataingia jikoni kwa jirani yako.

Kiota nakisemea peke yake. Korongo hutaga mayai mawili hadi manne juu ya tuta la majani katikati ya bwawa, na huyaatamia kwa takribani mwezi mzima. Ukimwona amenyoosha shingo wima na kuacha kula, umeshamkaribia mno, rudi nyuma. Akianza kuburuta bawa kana kwamba limevunjika, anakuvuta mbali na mayai au kifaranga. Ondoka mara moja. Dakika chache za mayai bila mlinzi zinamtosha kunguru. Usifyeke majani ili kupata picha safi, maana njia uliyofungua wewe ataipita mbwa. Na kama picha ina kiota, usiitume kwa watu wala kuiweka mtandaoni ikiwa na mahali pake. Simu nyingi huficha mahali ndani ya picha, kwa hiyo zima huduma hiyo kwanza. Wapo wanaotafuta vifaranga wa kuuza. Kumfuga korongo bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Droni nayo haifai juu ya bwawa, na kuirusha kunahitaji idhini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga.

Karibu kila bonde hapa lina mwenyewe. Mtu asiyejulikana anayeelekeza lenzi shambani hufikiriwa kuwa mpimaji wa ardhi au dalali, na huku kwetu ardhi ni jambo zito. Pita nyumbani kwanza. Bisha hodi, toa salamu ya mulembe, mwambie mama au mzee unayemkuta kwamba umekuja kuangalia ndege, kisha mwonyeshe picha za jana kwenye simu. Mara nyingi atakuambia ndege wanapolala kabla hujamwuliza. Usipige picha watoto wala nyumba bila ruhusa.

Vaa gambuti, nenda na mwenzako, na usivuke Kipkaren mvua ikiwa imenyesha juu. Radi za upande huu wa nchi huua watu. Ukisikia ngurumo ondoka uwandani na usijikinge chini ya mti. Ukikuta ndege kadhaa wamekufa mahali pamoja, usiwaguse, huenda ni sumu. Piga picha na uwaarifu KWS au chifu.

Picha yenye tarehe na mahali ina thamani hata ikiwa na ukungu. Mradi wa Kenya Bird Map umeigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa, na mtu yeyote anaweza kutuma orodha ya ndege wa mraba wake kwa programu ya BirdLasser. Orodha kamili inataka saa mbili za kutazama kwa makini, na unaweza kuendelea kuiongeza hadi siku tano. Watazamaji wengi wa kaunti hii ya Kakamega huishia msituni, kwa hiyo orodha kutoka mashamba ya Lugari inaziba pengo halisi: bwawa likikaushwa, ndiyo itakayoonyesha nani alikuwa akiishi pale. Andika idadi pia, na kwa korongo andika kama wana vifaranga.

Msituni utakwenda baadaye. Ukipitia Webuye na kushika barabara ya Kakamega, utapita kando ya msitu wa Malava, kisha utafika Buyangu, upande wa kaskazini unaosimamiwa na KWS, kabla ya kuingia mjini. Chukua mwongozaji mwenyeji anayejua sauti, kwa sababu mle ndege husikika kwanza. Pandisha ISO hadi 1600 au 3200. Shorobo mkubwa wa buluu atakuwa juu ya mti wenye matunda, na ukimkosa huko hutamwona Lumakanda.

Jambo moja la mwisho, nalo ni la bei nafuu. Picha nzuri ya korongo ikipatikana, iprinti studio ya karibu na umpelekee mwenye bonde, ukiandika nyuma tarehe na jina la ndege. Kisha mwachie namba yako ya simu, ili akupigie korongo watakapoanza kubeba majani ya kiota.