Paa la Asbesto na Unyuzi Usiomezeka

Asbesto ni jiwe, huchimbwa ardhini kama madini mengine. Aina iliyotumika zaidi duniani ni asbesto nyeupe, krisotili, nayo imejengwa kwa matabaka mawili yaliyogandana: moja la silika, jingine la magnesiamu. Lile la magnesiamu ni pana kidogo kuliko la silika. Kwa kuwa hayawezi kuachana, hayana njia ila kujikunja, na jiwe linajiviringisha kama mkeka. Hapo unapatikana mrija wenye upana wa nanomita 25 hivi. Mirija mingi ikilala sambamba ndiyo unyuzi wa asbesto.

Nyuzi hizo haziungui, hazikatiki kirahisi zikivutwa, wala haziozi. Mwaka 1901 Ludwig Hatschek wa Austria alipata hataza ya kuzichanganya na saruji, na bati jepesi la bei nafuu likaenea duniani. Huku kwetu Afrika Mashariki liliezekwa kwenye nyumba za watumishi wa serikali, shule na majengo ya reli, na mengi yangali juu ya vichwa vya watu. Kwa kawaida asbesto ni asilimia 10 hadi 15 tu ya bati hilo. Sehemu kubwa ni saruji.

Tatizo linaanza bati linapovunjwa. Unyuzi wa asbesto hupasuka kwa urefu, ukazaa nyuzi nyembamba zaidi. Unywele wa binadamu una unene wa maikromita 70 hivi. Unyuzi wenye unene usiofika maikromita 3 huelea hewani kwa saa nyingi na ukivutwa hufika kwenye vifuko vya mwisho vya pafu. Huko kuna seli walinzi ambazo kazi yao ni kumeza uchafu, zenye upana wa maikromita 10 hadi 20. Unyuzi mrefu kuliko seli haumezeki. Seli inaung'ang'ania, inashindwa, inamwaga kemikali kali ilizoandaa kumyeyusha adui, na kemikali hizo zinaunguza pafu lenyewe. Unyuzi unabaki palepale, na seli nyingine inakuja kujaribu. Hali hiyo ikiendelea miaka na miaka, pafu linajaa makovu na vinasaba vya seli jirani vinaharibika.

Ndiyo maana fundi anayekata bati leo hakohoi leo. Saratani ya utando wa mapafu, mesothelioma, huweza kuchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake walieleza habari za wagonjwa 33 wa Afrika Kusini, wengi wao wenye uhusiano na eneo la machimbo ya asbesto ya buluu, aina nyingine ya jiwe hili, kule Cape. Baadhi hawakuwahi kushika sururu. Waliishi jirani tu.

Utajuaje basi kama bati lako lina asbesto? Kwa macho, hutajua. Umri wa nyumba unatia shaka, na shaka inatosha kukuzuia usitoboe. Jibu la hakika liko maabara. Mwenye ujuzi hulowesha sehemu ndogo kwa maji yenye tone la sabuni, hukata kipande cha ukubwa wa sarafu, hukifunga katika mifuko miwili na kuziba jeraha la bati kwa rangi. Maabara hukitazama kwa hadubini ya mwanga uliopolarishwa, kwa sababu kila aina ya asbesto hupinda mwanga kwa kiasi chake.

Bati zima, lisilo na nyufa, liache. Usilisugue kuvu, usilipige maji ya presha. Wengi huuliza kuhusu maji ya mvua: Shirika la Afya Duniani halijaona ushahidi thabiti kwamba asbesto iliyonywewa inadhuru. Mimi naogopa zaidi tope la kwenye gata likikauka, maana hilo hupeperuka.

Bati likiwa limechakaa na lazima lishuke, kazi nzima ni kuzuia nyuzi zisiruke. Nenda kwa mamlaka ya mazingira ya nchi yako, kama NEMA kwa Kenya, uulize ni nani mwenye kibali cha kazi hiyo. Watoto na majirani wakae mbali. Bati linaloweshwa na kubaki na unyevu, bolti zinafunguliwa au kukatwa kwa mkono bila grainda, na bati linashushwa likiwa zima, halitupwi. Barakoa ya kitambaa haifai, wala ile ya hospitali, kwani hewa hupita mashavuni. Inatakiwa yenye kichujio cha daraja la P3, na mwenye ndevu anyoe ili ibane. Ovaroli ni ya kutupa. Haipelekwi nyumbani ikafuliwe na mke au mama. Vumbi lililobaki linafutwa kwa kitambaa kibichi, halifagiliwi.

Mabati yanafungwa nailoni nzito mara mbili, yanaandikwa, yanazikwa kwenye dampo lililoruhusiwa. Kuyachoma ni hatari, kwani hulipuka vipande vipande motoni. Ardhini unyuzi hauozi, ila hauwezi kuruka. Kwa hiyo mahali hapo pawekewe alama na paandikwe kwenye kumbukumbu za kiwanja, asije mtu kuchimba msingi juu yake.