Daftari Moja, Bweni Moja: Kupinga Ubaguzi wa Asili katika Sekondari za Kikatoliki

Kijitabu kwa wazazi, walimu, wanafunzi na wajumbe wa bodi za shule, Munanila na nyanda za juu za Kigoma

Ubaguzi upi?

Ukitaja ubaguzi wa rangi hapa Munanila, wengi hufikiria Afrika Kusini au Marekani. Lakini ubaguzi huo uliwahi kuwa utaratibu rasmi wa shule zetu wenyewe. Enzi za Mwingereza, Tanganyika ilikuwa na mifumo mitatu ya elimu: ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika, kila mmoja na shule zake na fungu lake la fedha. Shule za misheni zilizopokea ruzuku ya serikali zilijikuta ndani ya mgawanyo huohuo. Sekondari ya Mtakatifu Fransisko ya Pugu, alikofundisha Julius Nyerere hadi alipojiuzulu Machi 1955, ilikuwa shule ya Waafrika. Mwaka 1962 mifumo hiyo iliunganishwa kisheria, na baada ya sheria ya elimu ya 1969 shule nyingi za madhehebu zikataifishwa. Ukuta wa sheria ukaanguka. Ila tabia ya kumuuliza mtoto ametoka wapi kabla ya kuangalia anaweza nini haifutwi na Bunge. Hiyo hufutwa darasani, bwenini na ofisini kwa mkuu wa shule, na shule isiyoifuta kwa makusudi huirithisha.

Somo kutoka ng'ambo ya mpaka

Ushahidi kwamba shule inaweza kurithisha ubaguzi uko karibu nasi. Katika Rwanda na Burundi, utawala wa Wabelgiji uliwachukulia Wahutu na Watutsi kama jamii mbili za damu tofauti, moja ya kutawala na nyingine ya kutawaliwa, ingawa walizungumza lugha moja na kuishi kwenye vilima vilevile. Shule ya Kikatoliki ilitumika kuupa ubaguzi huo nguvu. Shule ya Astrida, nchini Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1929 chini ya mabruda wa Kikatoliki, iliandaa watumishi wa serikali ya kikoloni, na wengi waliopata nafasi walikuwa Watutsi. Matunda yake yalikuwa machungu kwa pande zote mbili. Nchini Burundi mwaka 1972, miongoni mwa waliouawa kwa sababu ya kuwa Wahutu walikuwamo wanafunzi wa sekondari. Wengi waliokimbia mauaji hayo walipokelewa Tanzania, wengine humuhumu Kigoma.

Lakini Burundi hiyohiyo inatupa mfano wa pili. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliivamia seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Vijana wakakataa. Arobaini waliuawa. Ujasiri huo ulikuwa umeandaliwa. Tangu vita vilipozuka nchini mwao mwaka 1993, walezi wa seminari hiyo walikuwa wamewapa vijana nafasi ya kuzungumza waziwazi juu ya ukabila, historia ya nchi yao na hofu waliyokuja nayo kutoka nyumbani, huku wakisali, wakicheza na kufanya kazi pamoja. Astrida na Buta zote zilikuwa taasisi za Kikatoliki. Kwa hiyo jina la mtakatifu kwenye kibao cha shule halitoshi kuleta haki. Kinacholeta tofauti ni malezi ya kila siku.

Majibu kwa hoja tunazozisikia

Wapo wasemao kwamba Tanzania haina ukabila, na kuuzungumzia ni kuuchochea. Ni kweli kwamba Kiswahili na siasa za umoja vimetuepusha na mengi. Hata hivyo, Waha, wenyeji wa Kigoma, wanajua uchungu wa kuitwa Warundi wakiwa nchini mwao, kwa sababu Kiha na Kirundi vinakaribiana kiasi cha wasemaji wake kuelewana. Anayejua uchungu huo hapaswi kumwonjesha mtoto mwingine. Na Buta inaonyesha kwamba mazungumzo yanayoongozwa vizuri huponya, ilhali ukimya huwaachia wachochezi uwanja.

Wengine husema ni utani tu. Utani wa jadi tunaujua. Una pande mbili, kila mmoja ana haki ya kurudisha, na mtani ndiye anayefika msibani kusaidia. Bweni zima likimwita mtoto mmoja "mkimbizi", naye hana la kurudisha, hapo hakuna utani. Hayo ni matusi.

Hoja ya tatu ni kwamba nafasi ni chache, hivyo raia watangulie. Masharti ya uraia na ukaazi yapo kisheria, na shule huyafuata. Lakini watoto wa kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta walikuwa wakisoma zaidi katika shule za kambini, kwa mitaala ya nchi zao. Anayeitwa Mrundi katika sekondari zetu mara nyingi ni Muha, au mtoto wa familia iliyokwisha kupewa uraia. Mwaka 2014 Tanzania iliwakabidhi uraia Warundi takriban 162,000 waliokuwa wakimbizi tangu 1972 pamoja na watoto wao. Kumdharau mtoto wa raia hao hakuongezi dawati hata moja.

Pa kuanzia

Kipimo kipo tayari. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kubagua mtu kwa utaifa, kabila, mahali alipotoka, rangi au dini. Kwa upande wa Kanisa, tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilaani ubaguzi wa rangi, na siku hiyohiyo ukatamka kwamba haki ya elimu ni ya watu wa kila asili. Basi bodi ya shule iketi na karatasi zake. Kama fomu ya kujiunga inauliza kabila, jibu hilo linatumika wapi? Usaili unapima somo au lafudhi? Viranja wanatoka wapi, na kitabu cha adhabu kinajaa majina ya nani? Mwanafunzi akitukanwa kwa asili yake, anamwendea mwalimu yupi, na hatua gani inachukuliwa kabla muhula haujaisha?

Mzazi, uliza maswali haya kwenye mkutano ujao wa shule. Mwalimu, sahihisha neno la dharau siku linapotamkwa. Nawe mwanafunzi, siku ukiambiwa ujitenge na mwenzako, kumbuka vijana arobaini wa Buta, kisha baki ulipo.